Gesi inayong'aa ndani ya galaksi kongwe: imetoka wapi, na nani kaiwasha?

Galaksi duaradufu zimezoea kuelezwa kwa maneno machache: ni mikusanyiko ya nyota zee, zenye rangi ya kuelekea nyekundu, ambamo gesi imekwisha na nyota mpya hazizaliwi tena. Sehemu kubwa ya maelezo hayo ni kweli. Lile la gesi kwisha si kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikundi cha watafiti kilikichukua kifaa kiitwacho SAURON, kilichofungwa kwenye darubini ya William Herschel kisiwani La Palma, kikapima galaksi 48 za jamii hii. Katika takriban robo tatu kati ya hizo kulikuwa na gesi iliyoionishwa, inayong'aa kwa mwanga wake yenyewe, mara nyingi ikiwa imetandaa mbali na kiini.

Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, na naamini sehemu kubwa yake imesababishwa na kuchanganya maswali mawili. La kwanza: gesi hii imetoka wapi? La pili: ni nini kinachoing'arisha? Maji yaliyomo chunguni yana chanzo chake, na moto ulio chini ya chungu una chanzo chake. Ukijua nani kayateka maji hujajua bado nani kauwasha moto. Katika galaksi hizi majibu ya maswali hayo hayafuatani, na mtu anayetumia jibu la moja kulijibu la pili hupotea mapema.

Kwanza jina. Wataalamu huziita "galaksi za aina ya awali", wakikusanya humo zile duaradufu na zile za umbo la lenzi, yaani zenye sahani ya nyota lakini zisizo na mikono iliyojipinda kama ya Njia Nyeupe yetu. Istilahi hiyo ni urithi wa Edwin Hubble, aliyezipanga galaksi kwa maumbo yake mwaka 1926, duaradufu zikiwa mwanzo wa mstari. Neno "awali" linataja nafasi kwenye mchoro wake tu. Nyota zake nyingi zina umri wa mabilioni ya miaka, kwa hiyo katika makala hii nitaziita galaksi kongwe, jina lisilompotosha msomaji.

Gesi iliyoionishwa ni gesi ambayo atomu zake zimenyang'anywa elektroni moja au zaidi. Kwa haidrojeni, inayotawala gesi yote ya ulimwengu, kazi hiyo inahitaji nishati ya elektrovolti 13.6. Mwanga unaoweza kufanya hivyo ni ule wa urujuanimno wenye wimbi fupi kuliko nanomita 91.2, ambao jicho halioni. Elektroni ikirudi kwa protoni hushuka ngazi kwa ngazi, na katika kila ngazi hutoa mwanga wa rangi maalumu. Mstari mwekundu wa nanomita 656.3 ndio mashuhuri kuliko yote, na mwingine wa buluu uko nanomita 486.1.

Upo pia mstari wa kijani wa nanomita 500.7, ambao una historia yake. Mwaka 1864 William Huggins alielekeza kifaa cha kuchambua mwanga kwenye nebula (wingu la gesi angani) NGC 6543, akakuta mwanga wa kijani usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana duniani. Watu wakabuni elementi mpya na kuipa jina nebulamu. Ilichukua miaka 63 hadi Ira Bowen aonyeshe, mwaka 1927, kwamba mwanga ule ni wa oksijeni ya kawaida iliyopoteza elektroni mbili. Ioni hiyo ikigongwa hupanda ngazi ya nishati na kukaa pale kwa wastani wa sekunde kama 40 kabla ya kutoa mwanga wake. Katika maabara haipati muda huo, kwa kuwa itagongwa tena mara nyingi mno kabla sekunde moja haijaisha. Angani, ambako chembe mia moja kwenye sentimita moja ya ujazo ni nyingi, ioni ina nafasi ya kusubiri. Kwa hiyo mtu akiuona mstari huo katika galaksi kongwe anajua mara moja kwamba ipo gesi nyembamba mno, yenye joto la karibu kelvini 10,000, na kwamba kuna kitu chenye nguvu kinachoitesa.

Kuuona huo mstari, hata hivyo, si rahisi, na hapa nataka tusogee karibu. Darubini haitofautishi mwanga wa gesi na mwanga wa nyota, hupokea vyote kwa pamoja. Nyota za galaksi kubwa ni mabilioni kwa mabilioni, na gesi ya ioni mara nyingi haizidi uzito wa Jua elfu kadhaa hadi laki chache. Isitoshe, nyota zenyewe zina mabonde kwenye spektra zao, yaani mwanga wao uliotandazwa rangi kwa rangi, mahali ambapo angahewa zao zimenyonya rangi fulani, na haidrojeni ya kwenye nyota hunyonya rangi zilezile ambazo haidrojeni ya gesi hutoa. Kwenye nanomita 486.1, nyota zinachimba shimo na gesi inalifukia. Ukiitazama spektra hivihivi utaona bonde dogo, basi, na utadhani gesi haipo.

Dawa yake ni kujenga galaksi ya kubuni kwa kuchanganya spektra za nyota halisi, mpaka mchanganyiko ufanane na galaksi inayopimwa kila mahali isipokuwa pale penye mistari ya gesi. Kisha unautoa mchanganyiko huo kwenye kipimo. Kinachobaki ndicho cha gesi. Kosa dogo hapa lina gharama, kwa sababu kina cha lile bonde la nanomita 486.1 ndicho hutumika kukadiria umri wa nyota. Nyota changa zina bonde refu, nyota zee bonde fupi. Gesi isipoondolewa vizuri bonde huonekana fupi kuliko lilivyo, na galaksi huongezewa mabilioni ya miaka isiyo yake. Gesi kidogo namna hiyo imewahi kuwasumbua hata watu ambao hawakuwa na haja nayo kabisa.

Sasa twende kwenye moto ulio chini ya chungu.

Katika galaksi kama yetu jawabu ni jepesi: nyota changa, nzito na za buluu huchemka kwa urujuanimno na kuwasha mawingu yaliyozizaa. Nyota hizo huishi miaka milioni chache tu. Katika galaksi kongwe hazipo, au zipo kwa uchache sana, na mistari ya gesi yenyewe inasema hivyo. Mwaka 1981 Baldwin, Phillips na Terlevich walionyesha kwamba ukilinganisha oksijeni na haidrojeni, kisha nitrojeni na haidrojeni, gesi iliyowashwa na nyota changa hukaa upande mmoja wa mchoro na gesi iliyowashwa kwa njia nyingine hukaa upande mwingine. Gesi ya galaksi kongwe kwa kawaida huangukia huo upande mwingine: nitrojeni yake ina nguvu sawa na haidrojeni au zaidi, na atomu zilizopoteza elektroni chache, au zisizopoteza kabisa, zinang'aa kuliko kawaida.

Mwaka mmoja kabla yake, 1980, Timothy Heckman alikuwa ameshaziona alama hizo kwenye viini vya galaksi nyingi za jirani. Akaziita LINER, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya maeneo ya kiini yenye mistari ya gesi iliyoionishwa kwa kiwango cha chini. Wengi walidhani kinachowasha ni shimo jeusi kubwa lililo katikati, likila polepole na kutoa mionzi kadiri ya mlo wake. Dhana hiyo ilikuwa na msingi. Galaksi M87, katika kundi la galaksi la Mashuke (Virgo), ina alama za LINER, na mwaka 2019 dunia nzima iliona picha ya kivuli cha shimo lake jeusi, lenye uzito wa Jua bilioni 6.5.

Lakini jina lilitangulia ushahidi. Herufi ya N ndani ya LINER inasimama badala ya "nuclear", neno la Kiingereza la kiini, kwa kuwa Heckman alikuwa akitazama viini. Darubini zilipoanza kupima galaksi nzima kipande kwa kipande, alama zilezile zikaonekana mbali, maelfu ya miaka ya nuru kutoka katikati. Taa moja iliyo katikati ya chumba hufifia kadiri unavyosogea: ukienda mara mbili ya umbali, mwanga unakuwa robo. Kama shimo jeusi ndilo linalowasha kila kitu, mwanga wa gesi ungepaswa kushuka kwa kasi inayofanana na hiyo. Haushuki hivyo. Katika galaksi nyingi unashuka polepole zaidi, na vipimo vya SAURON vilionyesha kwamba unashuka pamoja na mwanga wa nyota, kiasi kwamba uwiano wa gesi kwa nyota unabaki karibu uleule kutoka ndani hadi nje. Uchunguzi wa CALIFA kule Calar Alto nchini Hispania, na ule wa MaNGA kule Apache Point nchini Marekani uliopima takriban galaksi 10,000, ulikuta hali ileile. Baadhi ya watafiti wameamua kuifuta ile N na kuandika LIER.

Taa inayofuata nyota popote ziendapo ni lazima iwe nyota zenyewe. Swali likabaki: nyota zee na baridi zinawezaje kutoa urujuanimno mkali namna hiyo?

Jibu limo katika kufa kwake. Nyota kama Jua ikimaliza haidrojeni ya kiini huvimba na kuwa jitu jekundu, ikaachilia tabaka zake za nje taratibu, na mwishowe kiini chake kikabaki uchi. Kiini hicho kina joto linaloweza kufikia kelvini 100,000 au kuzidi, na kabla hakijapoa na kuwa kibete cheupe hukaa muda mfupi, maelfu hadi makumi ya maelfu ya miaka, kikimwaga urujuanimno. Kwa galaksi yenye nyota bilioni mia moja, kila wakati kuna nyota nyingi zilizo katika hatua hiyo, zimesambaa kila mahali nyota zilipo. Luc Binette na wenzake walifanya hesabu mwaka 1994 wakaona kwamba nishati hiyo inatosha kuwasha gesi hafifu ya galaksi nyingi kongwe, na kwamba mistari inayotokana nayo inafanana na ya LINER. Mwaka 2008 Grażyna Stasińska na wenzake walizipa galaksi za namna hiyo jina linalofaa sana: galaksi zilizostaafu.

Tofauti ya nguvu ni kubwa. Nyota zikizaliwa pamoja, mwanga wao wa kuionisha hushuka mara laki moja au zaidi ndani ya miaka kama milioni mia, kisha hubaki karibu palepale kwa mabilioni ya miaka. Hicho kiwango cha chini kinatoa kipimo kizuri cha kutenganisha. Roberto Cid Fernandes na wenzake walipendekeza mwaka 2011 kwamba mwanga mwekundu wa haidrojeni ukiwa dhaifu ukilinganishwa na nyota, chini ya angstromu 3 (nanomita 0.3) kwa kipimo kiitwacho upana linganifu, galaksi ihesabiwe kuwa imestaafu, isisingiziwe shimo jeusi linalokula. Naona hiki ndicho kipimo chenye manufaa kuliko vyote katika jambo hili. Hakiangalii mistari inafananaje tu. Kinauliza kama nyota zilizopo zinatosha kulipa gharama ya mwanga unaoonekana. Zikitosha, kumtafuta mlipaji mwingine kunahitaji sababu nyingine.

Haimaanishi kwamba mashimo meusi hayamo. Viini vingi vya LINER vinatoa eksirei na mawimbi ya redio ambayo nyota haziwezi kuyatoa, na katikati kabisa, ndani ya mamia machache ya miaka ya nuru, shimo jeusi mara nyingi ndilo linaloshinda. Pia kuna mishtuko: mawingu ya gesi yakigongana kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde hujipasha joto na kujiionisha, na mistari yake huangukia sehemu ileile ya mchoro. Wawashaji watatu wanaacha alama zinazofanana mno, na ndiyo maana mchoro peke yake haujawahi kumaliza mjadala.

Turudi kwa maji ya chungu. Gesi imetoka wapi?

Sandra Faber na John Gallagher walieleza mwaka 1976 kwamba swali la kweli lilikuwa kinyume chake: kwa nini gesi ni kidogo hivi? Nyota zinazokufa zinarudisha tabaka zake za nje angani. Jua letu litatoa karibu nusu ya uzito wake kabla halijawa kibete cheupe. Ukijumlisha galaksi kubwa yote, nyota zee humwaga gesi inayokaribia uzito wa Jua moja kila mwaka. Kwa miaka bilioni kadhaa hiyo ingekuwa akiba ya mabilioni ya Jua, na gesi ya ioni tunayoiona ni tone tu ndani yake.

Sehemu kubwa ya akiba hiyo ilikuwa imejificha kwenye joto. Nyota za galaksi duaradufu huruka huku na huko kwa kasi ya kilomita 200 au 300 kwa sekunde, hivyo gesi ambayo nyota hizo huitoa hugongana na kupashwa joto hadi mamilioni ya kelvini, na milipuko ya supanova inaongeza moto juu yake. Gesi yenye joto hilo haitoi mistari ya kijani wala nyekundu, inatoa eksirei. Setilaiti ya Einstein, iliyorushwa mwaka 1978, ndiyo iliyoziona galaksi hizi zikiwa zimefunikwa na gesi hiyo ya moto.

Kwa hiyo gesi ya kelvini 10,000 inaweza kuwa ile ya nyota iliyoponea kabla haijachemka, au ile ya moto iliyopoa na kuanguka. Mfano mkubwa wa kupoa uko NGC 1275, galaksi ya katikati ya kundi la galaksi la Farisi (Perseus). Picha za darubini ya Hubble zilizotolewa mwaka 2008 zilionyesha nyuzi za gesi nyekundu zenye upana wa miaka ya nuru kama 200 na urefu unaofika miaka ya nuru 20,000, kila uzi ukiwa na gesi ya kama Jua milioni moja. Nyuzi nyembamba namna hiyo zingepaswa kupasuka ndani ya gesi ya moto inayozizunguka, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba uga wa sumaku ndio unaozishikilia.

Chanzo cha tatu ni wageni. Galaksi kongwe ikimeza galaksi ndogo yenye gesi, gesi hiyo huingia na mzunguko wake. Kinachopendeza hapa ni kwamba unaweza kuikamata. Gesi iliyotoka kwa nyota za nyumbani hurithi mwendo wa nyota hizo. Gesi iliyoingia kutoka nje haina sababu ya kufuata mwendo huo. Katika NGC 4546, galaksi ya umbo la lenzi, gesi inazunguka kinyume kabisa na nyota, jambo ambalo Giuseppe Galletta alilitangaza mwaka 1987. Hakuna nyota inayoweza kumwaga gesi ikaenda kinyumenyume chake.

Uchunguzi wa ATLAS3D, uliopima galaksi kongwe 260 za jirani, uliihesabu tabia hiyo. Kati ya zile zinazozunguka kwa utaratibu, zaidi ya theluthi moja zina gesi ya ioni isiyofuata mhimili wa nyota. Theluthi hiyo ni kima cha chini cha wageni. Gesi ikiingia kutoka pande zozote, baada ya muda hutulia kwenye sahani ya galaksi, na sehemu yake itatulia ikizunguka upande uleule wa nyota. Huyo naye ni mgeni, ila amevaa nguo za mwenyeji, na kipimo cha mwendo hakimtambui.

Mazingira nayo yanahusika. Ndani ya kundi la Mashuke, lenye galaksi nyingi zinazokimbia kwa kasi ndani ya gesi ya moto, gesi iliyopotoka mwendo karibu haionekani. Inayokuwepo inafuata nyota. Nje ya kundi hilo ndiko wageni waliko. Galaksi ya kijijini, kwa kusema hivyo, bado inapata majirani wa kumeza kwa utulivu. Ya mjini majirani wanaipita mbio, na gesi yao imeshapukutishwa njiani.

Vumbi nalo ni shahidi mzuri. Katika galaksi nyingi gesi ya ioni na mikanda ya vumbi hukaa mahali pamoja, na vumbi halidumu ndani ya gesi ya mamilioni ya kelvini, husagwa. Kwa hiyo vumbi likiambatana na gesi, ni vigumu kusema gesi hiyo imepoa kutoka kwenye gesi ya moto.

Sasa yaweke maswali yote mawili mezani. Katika NGC 4546 maji yametoka nje. Hilo halisemi lolote kuhusu moto: nyota zee za galaksi hiyo zinaweza kuiwasha gesi ya mgeni sawasawa na zinavyowasha gesi ambayo zimeimwaga zenyewe. Kadhalika galaksi yenye shimo jeusi linalowaka kiinini mwake inaweza kuwa inamulika gesi iliyozaliwa humohumo. Nimesoma hoja nyingi zinazoruka hatua hii, zikichukua gesi iliyopotoka mwendo kuwa ushahidi wa mshtuko, au zikichukua alama ya LINER kuwa ushahidi wa shimo jeusi linalolishwa na wageni. Kila kiungo cha mnyororo huo kinahitaji kipimo chake.

Kipimo kimoja kinachosubiriwa kwa hamu kipo kwenye mstari mwingine wa oksijeni ileile ya Bowen, wenye nanomita 436.3. Uwiano wake na ule wa 500.7 ni kipimajoto. Gesi iliyoionishwa na mwanga wa nyota hubaki karibu na kelvini 10,000, wakati sehemu ya gesi iliyopigwa na mshtuko inayotoa mistari hii huwa na joto zaidi. Shida ni kwamba mstari huo una nguvu isiyofika hata sehemu moja kwa mia ya ule wa kijani kwenye joto hilo, na kwenye galaksi moja unamezwa na mwanga wa nyota. Watafiti wanajumlisha spektra za mamia ya galaksi zinazofanana ili uibuke, na joto walilolipata mpaka sasa halikai sawasawa na mfano wa nyota zee peke yake, wala na mfano wa mshtuko peke yake.